Hewa iliyo chini ya bawa la gari la mashindano si maji ya ziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nisahihishe jambo moja lililochapishwa majuzi katika kurasa za michezo za gazeti lako, ndani ya makala iliyoeleza namna mabawa ya magari ya Formula 1 yanavyolishikiza gari barabarani. Makala yenyewe ilikuwa nzuri, na mwandishi wake alieleza kwa Kiswahili chepesi kwamba bawa la gari la mashindano ni kama bawa la ndege lililopinduliwa, ili kani ambayo ingeliinua gari ilivute chini na matairi yasiteleze kwenye kona. Kosa liko katika aya ya mwisho, pale aliposema kwamba magari hayo, hata yakikimbia kilomita 300 kwa saa, bado yako mbali mno na kasi ya sauti, na kwa sababu hiyo hewa inayopita chini ya bawa haishindiliki wala haitanuki, bali hupita kama maji ya ziwa. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tano alikikata kipande hicho, akakibandika ndani ya daftari lake la fizikia, kisha akaniuliza mbele ya wenzake ni nani wa kusadikiwa, mwalimu au gazeti.

Nilimjibu kwamba mwandishi hakubuni maneno hayo. Ipo kanuni inayotumiwa na wahandisi kila siku, isemayo kwamba hewa ikipita kitu kwa kasi isiyozidi sehemu tatu kwa kumi za kasi ya sauti, unaweza kuihesabu kana kwamba ni kimiminika kisichoshindilika, kwa kuwa uzito wa hewa hiyo kwa kila mita ya ujazo hautabadilika kwa zaidi ya asilimia 5. Katika joto la nyuzi 27, ambalo ni la kawaida hapa Mwanza wakati wa mchana, sauti husafiri takriban kilomita 1,250 kwa saa. Gari linalokimbia kilomita 300 kwa saa halijafika hata robo ya kasi hiyo. Mtu akiishia hapo ataona mwandishi yuko sahihi, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa kabla sijakaa chini na kalamu nikapiga hesabu hadi mwisho.

Swali linalosahaulika ni hili: kasi ya nani? Kanuni ile haizungumzii kasi ya gari. Inazungumzia kasi ya hewa mahali inapokimbia zaidi kuliko kwingine kote, na mahali hapo, kwa bawa lililo sentimita chache tu juu ya lami, ni ndani ya mwanya kati ya tumbo la bawa na ardhi. Gari linaweza kuwa linakwenda kilomita 300 kwa saa huku hewa iliyo chini ya bawa lake, ikipimwa kwa kulinganishwa na bawa hilo, inapita kwa kasi maradufu au zaidi ya maradufu.

Sisi tuliokulia kando ya ziwa tuna njia rahisi ya kulielewa jambo hili, na ndiyo maana mfano wa maji ulimjia mwandishi kwa wepesi. Mvuvi yeyote wa Kayenze au Igombe anajua kwamba mtumbwi ukipita ubavuni mwa chombo kikubwa kinachokwenda upande uleule, mtumbwi huo huanza kuvutwa kuelekea kwenye chombo, na mpiga kasia hulazimika kuukaza mgongo ili wasigongane. Maji yaliyobanwa katikati ya vyombo viwili hukimbia zaidi, na yanapokimbia zaidi mgandamizo wake hupungua, hivyo maji ya upande wa nje huwa na nguvu ya kuvisukuma vyombo vikaribiane. Meli inayopita kwa haraka mahali pa kina kifupi nayo hushuka kuelekea chini kwa sababu hiyohiyo. Daniel Bernoulli alilieleza jambo hili kwa maandishi mwaka 1738, na wanafunzi wetu wanalikariri hadi leo. Bawa la mbele la gari la mashindano hufanya kazi kama mtumbwi ule, ila badala ya ubavu wa chombo kikubwa kuna lami, na badala ya maji kuna hewa. Kufikia hapa mfano unafaa na sina ugomvi nao.

Unapoanza kuvunjika nilimwonyesha kijana yule kwa bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano yenyewe. Tulivuta hewa hadi alama ya 20, akaziba tundu kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, akasukuma kwa mkono wa kulia. Pistoni ikaenda, ikaenda, ikafika karibu na alama ya 10 kabla kidole hakijaanza kumuuma. Alipoiachia ikarudi yenyewe juu. Kisha tukalijaza bomba lilelile maji ya ziwa tuliyoyachota kwenye chupa, tukahakikisha hakuna hata kiputo kimoja cha hewa, akaziba na kusukuma tena. Pistoni haikusogea. Alisukuma mpaka maji yakaruka pembeni ya kidole na kumlowesha shati, na pistoni ikaingia kwa kiasi cha maji yaliyotoka tu. Maji hayana nafasi ya kutoa, lakini hewa inayo, na nafasi hiyo ndiyo inayobadilisha hesabu yote ya bawa lililo karibu na ardhi.

Naomba nieleze kwa utaratibu, maana hapa ndipo penye uzito wa jambo. Tuchukulie kwamba mwanya ulio chini ya bawa ni mfereji uliofungwa pande zote, ambao shingo yake ina nusu ya upana wa mdomo wake. Kama hewa ingekuwa haitanuki, kama maji yasivyotanuka, ingeingia kwa kilomita 300 kwa saa na kupita shingoni kwa kilomita 600 kwa saa, kwa kuwa nusu ya nafasi hudai kasi maradufu, na mgandamizo wake pale shingoni ungepungua kwa asilimia 12 hivi. Lakini hewa ya kweli, mgandamizo wake unapopungua, hutanuka na kuwa nyepesi. Hewa iliyotanuka huhitaji nafasi kubwa zaidi, na nafasi haipo, kwa hiyo ili hewa yote iliyoingia mdomoni iweze kutoka upande wa pili, lazima ikimbie zaidi ya yale maradufu. Ikikimbia zaidi, mgandamizo unapungua zaidi, hewa inatanuka zaidi, na mzunguko unaendelea hadi pale mambo yanapolingana. Nilipopiga hesabu hiyo ubaoni pamoja na darasa, tulikuta kwamba hewa hupita shingoni kwa takriban kilomita 677 kwa saa, na mgandamizo wake hupungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 15. Kutoka 12 hadi 15 na ushee ni ongezeko la zaidi ya robo. Mhandisi atakayekosea robo nzima ya kani inayolivuta bawa chini hatapewa kazi ya kulisanifu tena.

Jambo la kushangaza zaidi katika hesabu hiyo ni kwamba mfereji huohuo ungeifikisha hewa ya shingoni kwenye kasi kamili ya sauti wakati gari lenyewe linakwenda kama kilomita 380 kwa saa tu. Kijana alidhani nimekosea mahali, akairudia hesabu mwenyewe usiku, na asubuhi akaja na jibu lilelile. Nikiri hapa, ili nisije nikamkosesha msomaji kama gazeti lilivyomkosesha mwanafunzi wangu, kwamba bawa la kweli halijafungwa pande zote kama mfereji: sehemu ya hewa inayokataa kubanwa hukimbilia juu ya bawa au pembeni, kwa hiyo athari halisi ni ndogo kuliko ile ya ubaoni, na magari ya Formula 1 hayatoi mlio wa kuvuka kasi ya sauti chini ya mabawa yao. Hata hivyo mwelekeo wa mambo ni huohuo, na kadiri bawa linavyoshushwa karibu na lami ndivyo linavyozidi kufanana na mfereji wangu.

Tena mfereji uliofungwa haukuwa ndoto katika historia ya mchezo huu. Mwaka 1977 timu ya Lotus ya Uingereza, chini ya mwanzilishi wake Colin Chapman, ilileta gari lake la Lotus 78, ambalo ubavuni lilikuwa na sakafu iliyopindwa kama bawa lililopinduliwa, na pembeni likafungwa kwa sketi zilizoteremka hadi kugusa lami ili hewa isipenye kutoka nje. Mwaka uliofuata Mario Andretti, dereva wa Lotus, akawa bingwa wa dunia. Magari hayo yalishika kona kwa nguvu kiasi kwamba wasimamizi wa mchezo walizipiga marufuku sketi zinazoteleza juu na chini mwaka 1981, na kuanzia 1983 wakaamuru sakafu iwe bapa. Sakafu zenye mifereji zilirudi kwa idhini ya sheria mwaka 2022, na watazamaji wakaona magari yakidundadunda kwenye sehemu zilizonyooka, kwa sababu sakafu ilivutwa chini mpaka hewa ikashindwa kupita vizuri, kani ikakatika, gari likainuka, hewa ikapita tena, na likavutwa upya. Sisemi kwamba kudunda huko kulisababishwa na hewa kutanuka. Kungeweza kutokea hata ndani ya maji. Ninachosema ni kwamba anayetaka kujua ni kwa kimo gani hasa kani itakatika, hawezi kulipata jibu sahihi kwa hesabu ya maji.

Sababu ni kwamba kutanuka kwa hewa kuna pande mbili, na makala za michezo mara nyingi hutazama upande wa faida peke yake. Baada ya hewa kupita shingoni, lazima ipunguze mwendo na kurudi kwenye mgandamizo wake wa kawaida kabla haijaliacha bawa. Ni kama mtu aliyeteremka mlima wa Bugando kwa baiskeli isiyo na breki za maana: kadiri alivyoteremka kwa kasi, ndivyo mpando unaofuata unavyomdai pumzi. Tabaka jembamba la hewa linaloambaa na ngozi ya bawa, ambalo tayari limechoshwa na msuguano, hutakiwa kupanda kutoka kwenye mgandamizo mdogo kwenda kwenye mkubwa, na kwa vile shimo limekuwa la kina zaidi kuliko lile la hesabu ya maji, mpando nao ni mkali zaidi. Tabaka hilo huchoka mapema, hubanduka kutoka kwenye bawa, na kani hupotea. Kwa hiyo bawa lilelile linaweza kutoa kani kubwa kuliko ilivyotabiriwa likiwa juu kidogo, kisha likaipoteza mapema kuliko ilivyotabiriwa linaposhushwa. Dereva aliye katikati ya kona hatakuwa na muda wa kuuliza ni hesabu ipi iliyotumika.

Msomaji anayetaka ushahidi wa macho bila hesabu yoyote, nampa huu. Siku zenye unyevunyevu mwingi, magari ya mashindano huonekana yakikokota nyuzi nyeupe za ukungu kutoka kwenye ncha za mabawa, na pengine ukungu mwembamba hutanda upande wa chini wa bawa zima na kutoweka gari linapopunguza mwendo. Ukungu huo si moshi. Ni mvuke wa maji uliokuwa ndani ya hewa, ambao umepoa ghafla na kuwa matone madogo. Hewa hupoa kwa kuwa imetanuka: katika mfereji wangu wa kilomita 300 kwa saa, hewa iliyo shingoni imepoteza nyuzi 14 za joto kwa kufumba na kufumbua, kisha huzirejesha inapopunguza kasi. Kama ingekuwa haitanuki, isingepoa, na ukungu usingeonekana. Hata hapa Mwanza, ukisimama nje ya uzio wa uwanja wetu wa ndege asubuhi ya masika, wakati hewa ya ziwa imejaa unyevu, utaona ukungu kama huo ukitanda kwa sekunde chache juu ya mgongo wa mabawa ya ndege inayokuja kutua. Niliwapeleka wanafunzi kuutazama, na mmoja wao akasema ndege inatoa jasho. Nikamwambia hakukosea sana.

Kuna jambo jingine linalowahusu wasomaji wanaofuatilia mchezo huu kwa karibu. Timu hujaribu mabawa yao katika handaki la upepo, kwa kutumia mfano wa gari uliowekwa juu ya mkanda unaozunguka badala ya barabara. Sheria za Formula 1 haziruhusu mfano unaozidi asilimia 60 ya ukubwa wa gari halisi, wala upepo unaozidi mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Nilirudia hesabu ya mfereji kwa kasi hiyo. Tofauti kati ya hewa na maji, ambayo kwa kilomita 300 ilikuwa zaidi ya robo, kwa kilomita 180 haifiki hata asilimia 8. Maana yake ni kwamba bawa huonyesha tabia moja handakini na tabia nyingine kwenye mbio, hata kama mfano ulichongwa bila kasoro yoyote. Wahandisi hulijua hili, nao hulazimika kuiziba tofauti hiyo kwa kompyuta zinazoihesabu hewa kama hewa, pamoja na vipimo vya gari lenyewe likiwa njiani. Mtu aliyesoma makala yenu na kuamini kwamba hewa ni maji hawezi kuelewa kwa nini timu yenye handaki bora bado inaweza kushangazwa na gari lake.

Baadhi ya walimu wenzangu waliniambia kwamba kwa sisi tulio juu ya mwinuko mambo ni tofauti, kwa kuwa ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ni kweli kwamba mita moja ya ujazo ya hewa ya Mwanza ina uzito wa kilo moja na gramu chache, wakati ile ya Dar es Salaam kwa joto hilohilo inakaribia kilo moja na gramu 180, na kwa hiyo bawa lolote lingetoa kani ndogo zaidi huku kwetu. Ndivyo inavyokuwa Mexico City, iliyo juu zaidi ya mita 2,200, ambako timu hufunga mabawa makubwa na bado magari huteleza. Lakini kasi ya sauti hutegemea joto la hewa, haitegemei mwinuko wenyewe. Kwa joto lilelile, gari la kilomita 300 kwa saa liko karibu na kasi ya sauti kwa kiwango kilekile pwani na ziwani, na ile robo ya tofauti inabaki robo. Siku ya baridi ndiyo huiongeza kidogo, kwa sababu sauti husafiri polepole zaidi katika hewa baridi.

Ndugu Mhariri, siandiki haya ili kumvunja moyo mwandishi wako. Katika shule zetu za sekondari fizikia husomwa kwa Kiingereza, na vijana wengi hulielewa jambo kwa mara ya kwanza pale wanapolikuta limeandikwa kwa Kiswahili, iwe gazetini au kwingineko. Ndiyo sababu kosa la sentensi moja katika gazeti lako hukaa vichwani mwao kwa muda mrefu kuliko kosa la kitabu. Naomba uchapishe sahihisho fupi, katika kurasa zilezile za michezo, likisema kwamba hewa iliyo chini ya bawa la gari la mashindano hutanuka kwa kiasi kinachoonekana na kupimika, na kwamba kasi ya kuangaliwa ni ile ya hewa iliyo katika mwanya, wala si ya gari. Likitoka, kijana yule ameniahidi kulikata na kulibandika katika ukurasa uleule wa daftari, chini ya kipande cha kwanza, ambako ameacha nafasi ya vidole vinne.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa fizikia,
Nyamanoro, Mwanza.